Karatasi za Mmisionari wa Mto Kongo

Mjini Oxford, Uingereza, ndani ya Chuo cha Regent's Park, kuna maktaba iitwayo Angus. Humo hutunzwa nyaraka za Baptist Missionary Society, chama cha wamisionari Wabaptisti kilichoanzishwa mwaka 1792, na kati ya nyaraka hizo zimo karatasi za George Grenfell: barua, shajara, ramani za mito. Anayetaka kuelewa jinsi Kongo ilivyoangukia mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hawezi kuzikwepa.

Grenfell alizaliwa Cornwall mwaka 1849, akakulia Birmingham, na huko akajifunza kazi ya vyuma na mashine kabla ya kuingia uchungaji. Mwaka 1875 alikwenda Kamerun. Mke wake wa kwanza alifia huko, hata mwaka wa ndoa haujatimia. Mwaka 1878 akatumwa Kongo pamoja na Thomas Comber, lakini muda si mrefu akajiuzulu: Rose Edgerley, mwanamke mwenye asili ya Karibi aliyemtunzia nyumba, alikuwa na mimba yake. Walioana, na mwaka 1880 chama kikamrudisha kazini. Rose akawa mwenzi wake wa safari hadi mwisho.

Kilichomfanya ajulikane ni meli. Robert Arthington, tajiri wa Leeds, alitoa fedha za kuunda meli ndogo ya mvuke iliyopewa jina la Peace. Iliundwa kando ya mto Thames, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi pwani ya Kongo. Kutoka hapo wapagazi waliibeba, mzigo baada ya mzigo, wakiyapita maporomoko kwa miguu mpaka kwenye bwawa ambalo leo ufukwe wake una jiji la Kinshasa. Mafundi waliotumwa kuiunganisha walifariki kwa homa. Grenfell akakunja mikono ya shati, akaiunga mwenyewe akisaidiwa na vijana wa Kiafrika, na mwaka 1884 Peace ikaelea majini.

Safari zake nyingi za kuchora ramani zilifanyika ndani ya miaka miwili iliyofuata. Alipanda mito ya Ubangi, Lomami, Aruwimi na Kasai, akipima kila kona ya mto. Sitaha ilizungushiwa wavu wa waya wa kuzuia mishale, na katika baadhi ya safari hizo Rose na binti yao mdogo walikuwamo melini. Mwaka 1887 Royal Geographical Society ya London ilimtunuku nishani.

Sehemu ya shajara inayomgusa msomaji wa Kiswahili ni ya Desemba 1884, alipokaribia maporomoko yaliyo karibu na Kisangani ya leo. Alikuta vijiji vilivyoteketezwa na watu waliokimbilia mitumbwini wakiwakwepa watekaji wa misafara ya pembe na watumwa. Enzi hizo upande ule ulikuwa chini ya mfanyabiashara Tippu Tip wa Zanzibar, ambaye naye ameacha habari za maisha yake, tena kwa Kiswahili. Asomaye shajara ya Grenfell bila maandishi ya Tippu Tip atapata nusu ya habari.

Yupo pia shahidi wa tatu. Disasi Makulo alitekwa na watu wa Tippu Tip akiwa mtoto, akakombolewa na mpelelezi Henry Morton Stanley mwaka 1883, baadaye akawa msaidizi wa Grenfell na mwinjilisti huko Yalemba. Uzeeni alimsimulia mwanawe maisha yake, na kitabu kikatoka Kinshasa mwaka 1983. Ndani yake mmisionari anaonekana kwa macho ya kijana aliyelelewa naye, jambo ambalo hakuna barua ya kwenda London ingeweza kulitoa.

Lakini uzito mkubwa wa karatasi za Grenfell uko kwingine. Kwa miaka mingi aliamini kwamba Leopold ana nia njema. Alisaidia kuchora mpaka wa Kongo na Angola, na mwaka 1896 akakubali kuwa katibu wa tume iliyosemekana kuwalinda wenyeji. Wajumbe wake, wote wamisionari, waliishi mbalimbali na hawakuwa na mamlaka yoyote. Wakati huo watu wa mikoa ya mpira walikuwa wakipigwa, wakikatwa mikono na kuuawa. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipita Bolobo, kituo cha Grenfell, mwaka 1903, na ripoti yake kuhusu ukatili huo ikatikisa Ulaya mwaka uliofuata. Grenfell naye alikuwa ameshaanza kukata tamaa. Alichelewa mno, na haifai kumfichia. Misheni ilihitaji kibali cha serikali ya Leopold ili kupata viwanja vya vituo vipya, na woga wa kuvikosa uliwafunga midomo wengi.

Alifariki Basoko tarehe 1 Julai 1906 kwa homa ya mkojo mweusi. Miaka miwili baadaye mwandishi Mwingereza Harry Johnston alitumia shajara na maandishi yake kuandika kitabu cha juzuu mbili.

Nakala za karatasi hizi zinastahili kufika Kisangani, Bolobo na Yalemba, ili mwanafunzi wa huko asihitaji viza kusoma habari za mababu zake. Nawe msomaji, kama babu yako alikuwa mwinjilisti, katekista au mwalimu wa misheni na akaacha daftari au barua, usizichome wala usiziache ziliwe na mchwa. Zipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa au chuo kikuu kilicho karibu nawe.