Rekodi za wakokotoa mawimbi

Utabiri uliokosea vibaya kuliko wote katika fani ya kukokotoa mienendo ya hewa na mawimbi ni wa Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyekuwa dereva wa gari la majeruhi nchini Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alichukua hali ya hewa ya asubuhi ya tarehe 20 Mei 1910, akaigawa anga ya Ulaya ya kati katika vyumba, kisha akapiga hesabu kwa mkono: hewa kiasi gani inaingia kila chumba, kiasi gani inatoka. Sheria za uhifadhi hazidai zaidi ya hapo. Maada, mwendo na nishati vihame, visipotee. Jibu likatoka kwamba mgandamizo wa hewa ungebadilika kwa milibari 145 ndani ya saa sita. Siku yenyewe haukubadilika kwa kiasi cha maana. Richardson akalichapisha kosa lake lote, tarakimu kwa tarakimu, katika kitabu cha mwaka 1922. Wangapi wangethubutu?

Sharti la hesabu hizi za vyumba linalokumbukwa kuliko yote lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walilitoa mwaka 1928: katika hatua moja ya muda, wimbi lisivuke zaidi ya chumba kimoja. Mbinu nyingi za kawaida zikilikiuka, namba zinalipuka.

Mtihani wa programu uliorudiwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni bomba la Gary Sod la mwaka 1978. Kushoto gesi ina mgandamizo 1 na msongamano 1, kulia, 0.1 na 0.125. Kizuizi cha katikati kinaondolewa. Wimbi la mshtuko linakimbilia kulia, nyuma yake unafuata mpaka kati ya gesi hizo mbili, huku upande wa kushoto gesi ikitanuka taratibu. Jibu kamili linajulikana, hivyo programu haina pa kujificha: dhaifu itauchora mshtuko kama mteremko mlegevu, yenye pupa itauzushia vinundu pembeni.

Hapo ndipo ilipo rekodi ninayoiheshimu kuliko zote. Mwaka 1959 Mrusi Sergei Godunov alithibitisha kwamba mbinu ya mstari isiyozusha vinundu haiwezi kuvuka usahihi wa daraja la kwanza. Uthibitisho ni wa kihisabati, haubishaniki. Bram van Leer, mwaka 1979, aliuzunguka kwa mbinu inayojirekebisha kufuatana na mkondo wenyewe.

Kwa ukubwa, mwaka 2013 kompyuta ya Sequoia, Marekani, ilikokotoa kuporomoka kwa viputo 15,000 katika vyumba trilioni 13, ikashinda Tuzo ya Gordon Bell. Viputo vya aina hiyo ndivyo vinavyotafuna mapanga ya mitambo ya umeme wa maji. Mwaka 2025 watafiti wa Georgia Tech na wenzao walipita trilioni 200, wakifuatilia mikondo ya gesi itokayo kwenye roketi yenye injini 33. Nao hawakumshinda Godunov: waliibadilisha milinganyo yenyewe, mshtuko ukalainishwa kabla ya kukokotolewa.