Udhahania ni wa Nani? Tafakuri Juu ya Michoro ya Emily Kame Kngwarreye

Istilahi "sanaa dhahania" aghalabu hutumiwa kurejelea michoro isiyoonyesha umbo la mtu, mnyama wala kitu kinachotambulika mara moja. Kwa sababu hiyo, wapo wanaoichukulia kuwa sanaa isiyosema lolote kuhusu ulimwengu halisi. Makala haya yanaidadisi dhana hiyo kwa kuangazia kazi za Emily Kame Kngwarreye, mchoraji wa jamii ya Waanmatyerre, ambao ni miongoni mwa wenyeji asilia wa Australia.

Kngwarreye alizaliwa yapata mwaka wa 1910 huko Alhalker, katika nyanda za jangwa ziitwazo Utopia. Alijifunza kutengeneza batiki mwaka wa 1977, kisha akaanza kuchora kwenye turubai mwishoni mwa mwaka wa 1988, akiwa anakaribia umri wa miaka 80. Hadi alipofariki Septemba 1996, inakadiriwa kuwa alikuwa amechora takriban picha 3,000.

Hata hivyo, mkono wake ulikwisha kuzoea rangi tangu zamani. Katika sherehe iitwayo awelye, wanawake wa jamii yake hupakana rangi vifuani na mabegani huku wakiimba, ili kuienzi ardhi ya wahenga wao na vyakula vyake. Jina Kame lenyewe linahusu mbegu ya kiazi-mwitu kinachomea Alhalker. Mchoro wake wa mwaka wa 1995, Anwerlarr Anganenty, wenye upana wa takriban mita 8, ni mistari myeupe iliyosukana juu ya weusi. Mgeni huona vurugu ya mistari. Ajuaye ardhi ile huona mizizi ikitambaa chini ya udongo, nyufa zinazoashiria mahali pa kuchimba, na jina la mchoraji mwenyewe.

Suala hili si la urembo pekee. Walowezi walikuwa wameigeuza Utopia kuwa ranchi ya ng'ombe. Baada ya sheria ya haki za ardhi ya mwaka wa 1976, wenyeji waliidai ardhi yao, na dai liliposikilizwa mwaka wa 1979, wanawake waliicheza awelye kama ushahidi wa umiliki. Hatimaye walirudishiwa ardhi. Msomaji wa Kenya, ajuaye uzito wa hati ya shamba, atatambua kwamba alama zilezile zinazoitwa dhahania katika majumba ya sanaa zilikuwa ushahidi mbele ya sheria.

Yamkini mtu atahoji kuwa watazamaji wa Venice walivutiwa na michoro hiyo mwaka wa 1997 bila kuijua Alhalker. Ni kweli, rangi na mdundo wa mistari vina nguvu yavyo. Lakini kuvutiwa si kuelewa. Hivyo basi, mhakiki anayekabiliwa na shairi la mafumbo au mchoro usio na umbo, kabla ya kudai kuwa hauna maana, hana budi kujiuliza: je, udhahania huu umo katika kazi yenyewe, au katika ugeni wangu?