Mnakili Asiyehakiki

Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja, na kadi yake ya njano hutumika maisha yote. Ya surua humalizwa utotoni. Basi ya mafua ina nini hata idaiwe kila mwaka?

Swali hilo ni zuri kuliko lile lililozoeleka, la kama sindano yenyewe huleta mafua. Haileti: virusi vilivyomo vimeuawa, au ni vipande vyake tu, na mkono kuuma au joto la siku moja mbili ni mwili unaojifunza.

Utamu uko kwenye swali la kwanza. Kirusi cha mafua, yaani influenza, cha aina ya A hubeba maelekezo yake yote katika vipande 8 vya RNA. Kikiingia ndani ya seli ya pua au koo, kimeng'enya chake huvinakili kwa kasi, wala hakirudi nyuma kuhakiki. Seli zetu zina vimeng'enya vya kusahihisha DNA zinapoinakili, influenza haina.

Fikiria mnakili wa zamani wa Pate au Lamu aliyepewa utenzi aunakili kwa hati za Kiarabu, kisha nakala yake ikanakiliwa na mwingine, na ya huyo na mwingine tena, asiwepo hata mmoja wa kulinganisha na asili. Makosa yataingia. Mengi yatavunja vina au mizani, na nakala hiyo hakuna atakayetaka kuighani. Lakini mara mojamoja neno litabadilika huku vina vimetimia na mizani 8 ziko palepale. Utenzi huo utaghanika vizuri kabisa, ila aliyehifadhi ule wa kwanza kwa moyo atausikiliza asiutambue.

Vina na mizani za kirusi ni uwezo wa kushika sukari zilizo juu ya seli zetu, kikiupoteza, kimekwisha. Kazi hiyo hufanywa na protini iliyochomoza juu yake. Maabara huiita hemaglutinini, jina linalokwama kooni. Afadhali tuseme kinasaseli, kwa mfano wa kinasasauti, maana kazi yake ni kunasa seli. Shimo lake la kunasia halibadiliki sana. Kingo zake ndizo zinazobadilika kwa wepesi, na kingo hizo ndizo ambazo kingamwili zetu zimezihifadhi. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Björn Koel walionyesha jambo la kustaajabisha: mageuzi makubwa ya H3N2, mojawapo ya virusi vya aina ya A, kati ya 1968 na 2003 yalitokana hasa na nafasi 7 tu kando ya shimo hilo. Saba!

Chanjo ya mafua iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1945 ilishindwa mwaka 1947 kwa sababu hiyohiyo. Tangu 1952 mtandao wa maabara wa Shirika la Afya Duniani hufuatilia mageuzi hayo, na wataalamu hukutana kila Februari na Septemba kuchagua virusi vya kutiwa katika chanjo ijayo. Wakilenga vizuri, hatari ya kumwona daktari kwa mafua hupungua kwa asilimia 40 hadi 60.

Haya yangestahili kuelezwa kliniki, kwa kuwa kukanusha uvumi peke yake hakutoshi. Mwaka 2015 Brendan Nyhan na Jason Reifler walichapisha utafiti wa Marekani, ambako asilimia 43 ya watu walidhani chanjo inaweza kuwapa mafua. Walioelezwa ukweli walipunguza sana dhana hiyo. Lakini miongoni mwa waliohofia mno madhara, nia ya kuchanjwa nayo ilishuka. Walivuliwa kosa bila kupewa sababu ya kunyoosha mkono, na sababu ipo: kirusi cha mwaka huu si kile mwili wao ulichokihifadhi.

Kenya, virusi hivi huzunguka karibu mwaka mzima, havingoji baridi ya Julai. Mjamzito, mzee au muuguzi anayeuliza achanjwe lini aambiwe achanjwe kwa toleo jipya lililopo, na kwamba kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka.