Tabibu na Ndege Wake
Wanafunzi wangu wengi wameuona Mnara wa Fischer huko Hell's Gate, Naivasha. Mwenye jina hilo hawamjui. Gustav Fischer, tabibu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1848, alifika Unguja mwaka 1876. Alitibu wagonjwa huku akikusanya ndege, na mwaka 1883 akapenya nchi ya Wamaasai hadi Naivasha. Homa ya safari nyingine ilimwua mganga huyo mjini Berlin mwaka 1886, akiwa na miaka 38 tu. Mwaka uliofuata, Anton Reichenow alimpa kasuku mmoja mdogo jina la marehemu. Haki yake, sikatai. Ila mimi, mwanaisimu, nayasikitikia majina waliyoyajua wapagazi wake. Kuna ndege mwingine wa pwani aitwaye Fischer vitabuni. Waswahili humwita shorobo.