Si wembamba wa laini peke yake

Walioingia saiba za Mombasa kabla ya 2009 wanaukumbuka mlio ule wa modemu. Siku moja shangazi yangu alikuwa Maskati akingoja nakala ya pasipoti yangu kwa barua pepe, maombi ya viza yafungwe saa nane mchana. Nilikaa nayo tangu saa sita, kompyuta sita tukigawana laini moja ya simu.

Sote tuliilaumu laini. Lakini palikuwa na ugonjwa mwingine.

Data hukatwa vipande, pakiti, aghalabu za baiti 1,500. Kwenye modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, pakiti moja yataka karibu sekunde 0.4 kupita. Zikipanga foleni nane, ya mwisho yangoja sekunde tatu na zaidi. Kompyuta iliyotuma, isipojibiwa mapema kuwa mzigo umefika, hudhani umepotea, hutuma tena. Foleni yazidi. Ni kama feri ya Likoni ichelewe, na kila gari lililo foleni liite jengine lije nyuma yake.

Wamarekani waliyaona haya mapema. Oktoba 1986, baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley, masafa ya yadi 400 tu, mwendo ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arubaini! Van Jacobson na Michael Karels walitoa dawa yao 1988, wala haikuwa kuongeza waya. Kompyuta ilifunzwa adabu: anza na pakiti moja, ukijibiwa tuma mbili, kisha nne, pakiti ikipotea, hiyo ni dalili foleni imejaa, basi punguza, halafu ongeza kidogo kidogo. Na pima kwanza jawabu huchukua muda gani kurudi, usikimbilie kusema mzigo umepotea.

Kwetu adabu hiyo ilikuwa na gharama yake. Kabla ya waya wa SEACOM kufika Mombasa 2009, data zetu zilipanda satelaiti, kilomita 36,000 juu, na jawabu lilichukua zaidi ya nusu sekunde kurudi. Kuanza polepole kukawa polepole kweli.

Juu yake tukaja sisi wateja, tukiuita ukurasa upya mara tatu tatu. Uliokwisha kufika nusu ukatupwa, ombi jipya likaanza tena na pakiti moja, na pasipoti yangu imo foleni iyo hiyo. Kijana wa saiba alikuwa akituambia, "Wacheni kubonyeza, jamani!" Nami nilidhani ana lake, kwani alitutoza kwa dakika.

Nakala ilifika Maskati saa tisa kasorobo.