Usiniulize kitenzi, niletee sentensi

“Mwalimu, ‘feel’ ni kitenzi kishirikishi au cha kutenda?” Kila muhula, kwenye madarasa ya Kiingereza ya watu wazima hapa Tonawanda na Buffalo, swali ni hilo hilo. Ndugu zetu wa Louisville na Columbus nao hupiga simu kuuliza la “look”. Swali lenyewe ni bovu. Kitenzi kikiwa peke yake mara nyingi hakina kundi. Niletee sentensi nzima.

Kinachowapoteza watu ni ile orodha inayozunguka kwenye WhatsApp: be, become, seem, look, feel, smell, taste, sound, appear, grow. Wanaikariri kikasuku, wakiamini kila kilichomo ni kishirikishi popote kitakapotokea. Si kweli! “Become” na “seem” ni vishirikishi karibu kila mara. Vilivyobaki vina kazi zaidi ya moja.

Chukua mifano ya kila siku. “The engine sounds rough”: tunaelezwa hali ya injini, basi ni kishirikishi. “The guard sounded the alarm”: mlinzi amepiga king’ora, basi ni cha kutenda. “The gas smells strong” ni sifa ya gesi. “The mechanic smelled gas” ni fundi aliyeinusa. “Maria grew tired” ni kuchoka, “Maria grew cabbages” ni kulima kabichi. Kitenzi kile kile, kazi mbili. Orodha yako ingekuokoa vipi hapo?

Wapo pia wanaodhani kutenda ni lazima kuonekane kwa macho, basi “know”, “own” na “need” wanavitupa kwenye kundi la vishirikishi. “My brother owns a truck”: kaka si lori, wala lori si sifa yake. Lori ni yambwa, kwa hiyo “own” si kishirikishi, hata kama hakuna anayetoa jasho.

Kuchanganya makundi haya mawili kuna gharama. Kishirikishi cha Kiingereza hufuatwa na kivumishi au nomino, ilhali sisi tumezoea kusema chakula kinanukia vizuri, kwa kielezi. Ndiyo maana mtu anasema “The food smells well”, kana kwamba chakula kina pua. Sema “smells good”. Ukiwa kliniki, sema “I feel bad”, si “badly”. “I feel well” ni sahihi, kwa sababu “well” hapo ni kivumishi: mzima wa afya.

Sasa vipimo. Weka “is” mahali pa kitenzi. “The soup tastes salty”, “The soup is salty”: maana inasimama. “The cook tastes the soup”, “The cook is the soup”: upuuzi. Kipimo hicho kina mtego: “The nurse appeared at the door” inakubali “was”, lakini mlango ni mahali, si sifa ya muuguzi. Kwa hiyo tazama kinachofuata: kikieleza au kutaja kiima kile kile cha sentensi, ni kishirikishi, la sivyo, sicho. Hata “is” yenyewe si kishirikishi kila mara: katika “She is working” ni kisaidizi tu. Fungua kamusi ya Oxford ya wanafunzi, neno “smell”, uone matumizi yote mawili chini ya neno moja. Kwenye mtihani wa GED, soma hadi nukta ndipo ujibu. Na ile orodha, ifute leo.