Je, Wajua? Watu Wanaolinda Pumzi za Wagonjwa

Je, wajua kwamba Marekani kuna taaluma nzima inayoshughulika na upumuaji wa wagonjwa tu? Chama cha kwanza cha wataalamu hao kilianzia Chicago mwaka 1946, wakati kazi yao kubwa ilikuwa kusukuma mitungi ya oksijeni wodini. Leo ndio wanaosimamia mashine za kupumulia kwa wagonjwa mahututi. Huku kwetu kazi hiyo kwa kawaida hugawanywa kati ya wauguzi, wataalamu wa usingizi na wafiziotherapia.

Wajua kwamba kabla ya kuwasha mashine, mtaalamu huchukua futi kamba? Anapima urefu wako, kwa sababu mwili ukinenepa mapafu hayanenepi nao. Mwanamume wa sentimita 170, awe na kilo 65 au 120, mapafu yake yakiumwa sana hupewa takriban mililita 400 za hewa kwa kila pumzi. Zamani walipewa maradufu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulionyesha kwamba kupunguza hewa hiyo kulishusha vifo kutoka karibu asilimia 40 hadi 31.

Wajua kwamba mikono ya wanafunzi iliwahi kuwa mashine? Mwaka 1952 polio iliikumba Copenhagen. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine za wakati huo, 27 walifariki. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri koo litobolewe, mpira uingizwe, na hewa isukumwe kwa mfuko wa kuminya. Lakini nani angeminya usiku kucha, wiki hata wiki? Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu vitandani, na vifo vikapungua sana. Wodi za wagonjwa mahututi tunazozijua leo zilichipuka hapo.

Wajua kwamba oksijeni ni dawa, nayo ina dozi? Miaka ya 1940 na 1950 watoto njiti wengi walipewa oksijeni kupita kiasi, wakapofuka. Ndiyo maana njiti hufuatiliwa kwa makini, kiwango kisishuke wala kisizidi.

Wajua kwamba chupa ya maji ya nusu lita inaweza kumsaidia mtoto mwenye pumu? Daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa iliyotobolewa kitako ili kushika inhela barabara humsaidia mtoto sawa na kifaa cha dukani cha kuunganishwa na inhela. Hili lingepaswa kufundishwa katika kila kliniki ya watoto.

Na hili la mwisho linatuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi: kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kukudanganya. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uligundua kwamba, kifaa kiliposoma 92 hadi 96, karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilikuwa na oksijeni ya chini mno kwenye damu. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 4 hivi. Jibu la uhakika hutoka kwenye damu ya ateri, inayochotwa kifundoni mwa mkono. Rangi ya kucha nayo inaweza kuvuruga kifaa cha kidoleni, kwa hiyo ifute kabla ya kupimwa, na ukiwa unahema kwa shida usinyamazishwe na namba nzuri. Mwambie muuguzi: bado pumzi inanibana, naomba nipimwe tena.